Samaki wa Profesa na Kisado cha Bukoba

Juma lililopita, mara tu baada ya kipindi hiki, nilipigiwa simu na baba mmoja wa Mbagala. Tulipokwisha kusalimiana aliniambia ana jambo linamsumbua. Binti yake anasomea shahada ya uzamivu, yaani ule udaktari wa kitabu, na mwalimu wake hajapata kuonana naye ana kwa ana. Masomo yote yanapita kwenye kompyuta. Hilo baba amekwisha kulizoea. Lisilomwingia akilini ni kwamba Jumamosi ile binti alishinda kwenye kituo cha daladala tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Hakupanda gari, hakuuza kitu, hakumngoja mtu. Alikuwa akiandika kwenye daftari. Alipoulizwa akajibu kwamba ndiyo kazi aliyopewa na mwalimu. "Sasa mzee mwenzangu," baba akaniuliza, "siku hizi watu wanapewa udaktari kwa kukaa kituoni?"

Nilicheka, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwakalisha watu vituoni. Nikamwahidi kwamba nitamjibu hewani. Jibu fupi ni ndiyo, na si siku hizi tu; watu wamekuwa wakipewa shahada kwa kukaa na kutazama kwa karibu miaka mia moja. Lakini ndani ya swali lake kuna swali jingine lililo gumu zaidi, nalo ni hili: je, mwalimu aliye mbali anaweza kumfundisha mtu kutazama?

Kwanza tuelewane. Mtafiti anayehesabu hutaka kujua wangapi: kaya ngapi zina choo, watoto wangapi wameacha shule. Mtafiti wa maelezo hutaka kujua namna na sababu: watu wanaishije na jambo hilo, wanalifanyaje, wanalionaje wao wenyewe. Huyu wa pili ana vyombo viwili vikubwa, kuuliza na kutazama. Kuuliza kila mtu anadhani anakuweza. Kutazama ndiko kunakodharauliwa, kwa kuwa kila mwenye macho hujiona tayari amehitimu.

Kisa maarufu kuliko vyote cha kufundisha kutazama kinatoka Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alikuwapo huko profesa Mswisi, Louis Agassiz, bingwa wa samaki. Kijana aitwaye Samuel Scudder, ambaye baadaye alipata sifa kwa utafiti wake wa wadudu, alikwenda kwake kusoma. Profesa akamtolea samaki aliyehifadhiwa kwenye chupa ya spiriti, akamwambia amtazame, kisha akaondoka zake. Baada ya dakika kumi kijana aliona amekwisha kumaliza. Akamtafuta profesa, hayupo. Saa zikapita. Kioo cha kukuzia vitu alikatazwa. Alikuwa na mikono, macho na yule samaki tu. Kwa kukosa la kufanya akaanza kumchora, na alipokuwa akichora ndipo akaanza kuona mambo ambayo hakuyaona mwanzo. Profesa aliporudi alisikiliza maelezo yake, akamwambia hajatazama vizuri, jambo lililo wazi kuliko yote limempita. Kijana akalala na samaki kichwani. Kesho yake akaja na jibu: je, profesa alikuwa na maana kwamba samaki ana pande mbili zinazolingana, na viungo vinavyokwenda jozi? Ndiyo! Scudder akauliza sasa afanye nini. Akaambiwa aendelee kumtazama samaki wake. Siku tatu zaidi.

Scudder alikitoa kisa hicho gazetini mwaka 1874, na tangu hapo walimu wamekuwa wakikisimulia kwa furaha. Hata mimi nilikisimulia miaka mingi, mpaka nilipojifunza upande wake wa pili. Profesa huyohuyo, mwaka 1850, aliagiza watumwa wapigwe picha huko Columbia, South Carolina, wakiwa wamevuliwa nguo, wanaume kwa wanawake, mbele na ubavuni, kama samaki wake. Mmoja wao, mzee aliyeitwa Renty, aliandikiwa kwamba asili yake ni Kongo. Agassiz alitaka kuthibitisha kwamba watu weusi na weupe hawakuumbwa kwa asili moja. Bingwa huyu aliyemsimanga kijana kwa kutouona ulinganifu wa samaki, alimtazama binadamu machoni asimwone. Picha hizo zilibaki Harvard kwa muda mrefu, na mwaka 2025, baada ya kesi ya miaka kadhaa mahakamani, chuo kilikubali kuziachia.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni kweli, lakini yana miwani, na mvaaji mara nyingi hajui kama ameivaa. Nitarudi hapo, maana mimi pia nilikuwa na yangu.

Twende Uingereza. Mwaka huohuo wa 1874 kilitolewa huko kitabu cha mwongozo kwa ajili ya wasafiri, wamisionari na maofisa waliokuwa wakiishi katika nchi ambazo kitabu chenyewe kiliziita zisizostaarabika. Kilikuwa kimejaa maswali: uliza hili, angalia lile, andika hivi. Wataalamu wenyewe walibaki kwao kwenye viti vyao, na macho yao yalikuwa watu wengine walio mbali. Kwa hiyo, mzee wangu wa Mbagala, mwalimu kumwelekeza mtazamaji asiyemwona si uzushi wa kompyuta. Ulianza kwa barua na meli.

Na sisi huku tulikuwamo. Sir James Frazer wa Cambridge, aliyeandika vitabu vinene juu ya dini na mila za dunia nzima, alipata habari za Buganda kwa kuandikiana na mmisionari John Roscoe. Roscoe naye alisaidiwa sana na Katikiro, Sir Apolo Kagwa. Kitabu cha Roscoe juu ya Waganda kilitoka mwaka 1911. Kagwa alikuwa amekwisha kuchapisha chake, kwa Kiganda, mwaka 1905. Na mwaka 1903, Ujerumani, Carl Velten alikuwa amechapisha "Desturi za Wasuaheli", ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Atakaye kujua harusi, ngoma na mazishi ya pwani ya zamani yalikwendaje, hana budi kumsoma Mtoro hata leo. Jina la Velten ndilo lililowekwa mbele. Hayo ni ya zamani, ila yameacha alama.

Ubaya wa mpango ule wa barua haukuwa umbali. Ubaya ulikuwa kwamba aliyeuliza alikuwa amekwisha kuamua jambo gani lina maana, na mtazamaji akawa mjazaji wa nafasi zilizoachwa wazi. Ukimwuliza mtu "Je, wana miiko gani juu ya moto?", atakuletea miiko ya moto, na kama jambo kubwa la kijiji hicho ni maji, hutalisikia.

Mabadiliko yalikuja na Bronislaw Malinowski, mzaliwa wa Krakow, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipiga hema kijijini katika visiwa vya Trobriand, kule Bahari ya Pasifiki, akakaa, akajifunza lugha, akaandika aliyoyaona kila siku, madogo kwa makubwa. Kitabu chake cha mwaka 1922 kiliwafanya wenzake waone aibu kubaki kwenye viti. Baadaye akafundisha London, na katika darasa lake wanafunzi walileta daftari zao, zikachambuliwa mbele ya wote. Humo alipita Jomo Kenyatta, aliyeandika juu ya Wakikuyu wenzake katika kitabu cha mwaka 1938, Malinowski akakiandikia dibaji. Humo alipita Audrey Richards, ambaye mwaka 1950 alikuja kuongoza taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Humo walipita pia Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Rungwe, kwa Wanyakyusa, katika miaka ya 1930. Nao walikuwa na karani na mkalimani wao, Leonard Mwaisumo, aliyewaonyesha mengi ambayo wasingeyaona peke yao.

Malinowski naye alikuwa na miwani yake. Alifariki mwaka 1942, na shajara zake za siri zilipochapishwa mwaka 1967 wasomi walishtuka: mtu yule aliyefundisha dunia kuwaelewa wenyeji alikuwa akiwatukana usiku kwenye karatasi. Wengine walisema shajara hizo zingechomwa. Mimi nasema zilisaidia kuliko vitabu vingi vya mwongozo. Tangu hapo mwalimu anayejua kazi yake humwambia mwanafunzi ashike daftari lenye pande mbili: upande mmoja aliyoyaona na kuyasikia, upande mwingine aliyoyawaza, hasira zake, uchovu wake, woga wake. Hizo pande mbili zisichanganywe, na wala wa pili usitupwe.

Sisi tunaotafuta riziki katika habari tuna sababu ya kujivuna kidogo hapa. Robert Park, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia mwaka 1914, alikuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuwa msomi. Aliwatoa wanafunzi maktabani akawapeleka mabarabarani, kwenye kumbi za dansi na nyumba za kulala za wasio na kazi. Mmoja wao, Nels Anderson, aliyekuwa ametangatanga yeye mwenyewe akitafuta vibarua, aliandika juu ya watu wa aina hiyo, na kitabu chake kilitoka mwaka 1923.

Lakini mfano unaomhusu zaidi baba wa Mbagala ni wa mwaka 1937. Waingereza watatu, Charles Madge, Tom Harrisson na Humphrey Jennings, waliwaalika raia wa kawaida kuwa watazamaji wa nchi yao wenyewe. Makarani, akina mama wa nyumbani, walimu, wote waliandikiwa barua zenye maelekezo. Siku ya kutawazwa Mfalme George wa Sita, tarehe 12 Mei 1937, zaidi ya watu 200 waliandika waliyoyaona tangu kuamka hadi kulala, wakatuma kwa posta. Si gwaride la mfalme tu. Waliandika nani alisimama wimbo wa taifa ulipopigwa redioni na nani alibaki amekaa akinywa chai. Wasomi wengi waliwabeza kwamba hawana mafunzo. Malinowski aliwaandikia insha ya kuwasifu na kuwakosoa. Karatasi zao leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Sussex, na wanahistoria hawaishi kwenda kuzifukunyua.

Kwetu Tanzania, elimu ya juu ya mbali ilipata nyumba yake Chuo Kikuu Huria kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Nakumbuka vifurushi vya vitabu. Halafu ikaja intaneti, na Machi 2020 ukaja ugonjwa wa korona, vyuo vikafungwa hata kwa wale waliozoea kukaa darasani. Wakati huo nilikuwa na kikundi cha wanafunzi tisa wa uzamivu wanaojifunza kutazama, na ghafla kila mmoja akawa kwao. Mmoja alikuwa Bukoba, mwingine Mtwara, mwingine amekwama Muscat, hata kutoka nje ya ghorofa hawezi.

Nikafanya kama walivyofanya wenzetu wa barua. Kila juma niliwapa dakika thelathini za kutazama mahali pamoja, kisha waniletee daftari kwa mtandao. Mwanafunzi wa Bukoba alikwenda sokoni. Ukurasa wake wa kwanza ulisema soko lilikuwa na msongamano, uchafu na wafanyabiashara wajanja. Nikaurudisha na maswali matatu: uchafu wa nini, watu wangapi wakisimama wapi, na ujanja uliuona kwa jicho gani? Alikasirika, huyu ni mtu mzima, mkuu wa idara kazini kwake. Ukurasa wa pili ulikuwa na maganda ya ndizi, matope, idadi ya watu na urefu wa meza. Ujanja umetoweka. Nikamwuliza: umeupeleka wapi? Rudi umtazame mtu mmoja tu.

Ukurasa wa tatu ninao mpaka leo. Alimtazama mama mmoja muuza maharage. Mama yule alikuwa na visado viwili vinavyofanana. Kimoja kitako chake kilikuwa kimebonyezwa kikaingia ndani, kwa hiyo kinachukua maharage machache. Mwanafunzi alidhani amempata mwizi. Lakini kwa kuwa alilazimika kukaa, aliona kwamba kisado kilichobonyea kilitumika kwa wale waliobishana bei mpaka ikashuka, na kile kizima kwa waliotoa bei iliyotajwa. Mnunuzi mmoja, mama wa makamo, aliuliza waziwazi, "Leo unanipimia kwa kipi?" Wakacheka wote wawili. Kumbe lilikuwa jambo linalojulikana kwa wateja wa siku zote. Ni bei mbili zilizofichwa ndani ya kipimo kimoja, na siri yenyewe si siri. Neno "mjanja" lisingeweza kubeba hayo yote. Hojaji nayo isingeyapata, maana nani atakuandikia kwenye fomu kwamba ana visado viwili?

Wa Muscat, asiyeweza kutoka, nilimpa kazi ya kutazama darasa letu lenyewe kwenye kioo. Nilidhani ni kazi ya kumfariji. Katika kundi letu alikuwamo kijana ambaye hakuwasha kamera hata siku moja, na mara kwa mara jina lake lilipotea. Mimi mwalimu, mwenye miaka yangu yote hii, nilikuwa nimekwisha kumwandikia kwenye karatasi ya alama kwamba hana mwamko. Yule wa Muscat akaleta daftari lake. Ameandika kwamba jina la mwenzao lilipotea kwenye dakika ya arobaini hivi katika vipindi vinne kati ya vitano. Kwamba lilirudi baada ya dakika chache. Na kwamba kila liliporudi, swali la kwanza la kijana lilihusu lile lililosemwa wakati hayupo. Mtu asiye na mwamko haulizi hivyo. Tulipomwuliza alieleza kwa haya kwamba bando analonunua huishia hapo, hutoka akakope la dharura arudi. Kamera ingelimaliza mapema zaidi.

Nilifuta alama zile. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba kosa hilo nilikwisha kulifanya, karibu miaka arobaini nyuma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilitumwa na mradi mmoja wa maji kwenda kuangalia kama watu wa kijiji fulani wanaitumia pampu ya mkono waliyochimbiwa. Siku tatu mfululizo nilifika pale kwa gari la mradi saa tatu asubuhi, nikakaa hadi mchana. Hakuna mtu. Wanawake walipita na ndoo kuelekea mtoni. Nikaandika kwa Kiswahili safi kabisa kwamba wananchi bado wameshikilia mazoea ya mto, na kwamba wanahitaji elimu. Pampu ya pili iliyokuwa imepangwa kwa kijiji hicho ikapelekwa kwingine.

Miaka kadhaa baadaye nilipita huko kwa shughuli nyingine. Bibi mmoja alinitambua. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, siku zile ulikuwa unakuja saa ngapi?" Nikamwambia saa tatu. Akaniambia watu huanza kupanga foleni saa kumi alfajiri, saa mbili kisima kimekauka, na maji hayarudi mpaka jioni. Walihitaji pampu ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa inatumika mno.

Kwa hiyo namjibu baba wa Mbagala hivi. Kwa kompyuta inawezekana, ilimradi daftari linakwenda na kurudi. Mwalimu anayewasomea wanafunzi mhadhara wa saa mbili juu ya kutazama hafundishi kitu, awe darasani au mtandaoni. Lakini wanaosema kwamba kioo kinatosha nao siwaungi mkono. Kioo hakinuki. Huonyesha pale mwenye simu alipoelekeza, na mara nyingi habari iko pembeni, nyuma ya mgongo wake. Laiti ningekuwa na uwezo, hakuna ambaye angepata uzamivu bila kukaa na mwalimu wake kwenye benchi moja walau siku chache, kila mmoja aandike lake, kisha walinganishe madaftari. Hapo ndipo mwanafunzi hugundua kwamba na mwalimu naye kuna alichokosa kuona.

Na jambo moja la mwisho nilimwomba baba amwulize binti yake: je, wale wapiga debe na mama lishe wa kituoni wanajua anaandika nini? Kituo ni mahali pa wazi, sheria haimkatazi mtu kukaa. Lakini Renty hakuulizwa. Jana baba alinipigia tena. Anasema binti alikwisha kuwaeleza siku ya kwanza, na kwamba sasa mpiga debe mmoja humwita kila kukitokea jambo: "Dada, andika na hili." Nimemwambia hilo nalo aliandike, kwa sababu sasa kituo kinajua kwamba kinatazamwa. Jumamosi ijayo anakwenda saa kumi na moja alfajiri.